Samaki wa kukaa tangi moja: jibu kwa mama wa Chuno, Mtwara

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mimi niko Chuno, Mtwara. Miezi miwili iliyopita fundi vioo alinitengenezea tangi la samaki, urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Mdogo wangu akaninunulia samaki wa mapambo Dar es Salaam: gapi 8, samaki wa dhahabu 4, enjelifishi 2, pleko 1 na mbuna 5. Walifika usiku na basi, tukawatia wote papo hapo. Jirani naye akaniletea vifaranga 2 vya perege kutoka Kitere. Leo gapi wameisha. Pleko na enjelifishi wamekufa. Samaki wa dhahabu kabaki mmoja, mkia umeliwa. Perege wapo na wanakua haraka. Mbuna wamebaki wanne: wawili wa njano, mmoja wa bluu, na mmoja mwenye mistari ya dhahabu na nyeusi anayewafukuza wenzake kutwa kucha. Mmoja wa wale wa njano wiki nzima hali chakula, kidevu kimevimba. Nimpe dawa gani? Jirani anasema nitie chumvi au maji ya bahari. Na nichague samaki gani wanaoelewana?"

Marahaba mwanangu. Nianze na lisilosubiri: usitie dawa yoyote, usitie chumvi, na maji ya bahari usiyasogeze karibu na tangi. Huyo wa njano aliyevimba kidevu nitamrudia mwishoni kwa sababu habari yake si ya wenzake. Kwa leo mwache alipo, asiguswe wala asihamishwe.

Sasa tuulizane kilichowaua. Nikiyasoma maelezo yako naona vifo vya namna mbili vilivyokutana kwenye kioo kimoja. Waliokufa siku za mwanzo waliuawa na maji. Waliofuata waliuawa na wenzao. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakakimbilia dawa, na dawa haitibu lolote kati yake.

Tangi jipya, hata maji yake yawe maangavu kiasi gani, halijaweza kubeba samaki. Samaki anakojoa, anapumua, anaacha mabaki ya chakula, na vyote hivyo vinazaa amonia. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji wiki nne mpaka sita kujaa. Wewe uliweka samaki 20 usiku wa kwanza, bakteria hawajafika hata mmoja wa kukusaidia.

Kwetu pwani jambo hili lina ukali wake. Amonia iko katika hali mbili ndani ya maji, moja ya sumu kali na nyingine yenye nafuu, na kinachoamua ipi itazidi ni joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni maji machachu, na kadiri inavyopanda uchachu unapungua. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 28, katika kila sehemu 100 za amonia haifiki hata moja iliyo ya sumu kali. Maji hayohayo yakiwa na pH 8.2, sehemu za sumu kali zinakaribia 10. Amonia ni ileile, chakula ulichomwaga ni kilekile, lakini sumu imezidi mara kumi na zaidi. Kwa hiyo mtu wa Mtwara mwenye maji magumu, yaani yenye chokaa, ambayo pH yake huwa juu, hana nafasi ya uzembe ambayo mwenzake wa sehemu ya baridi na maji laini anayo. Isitoshe, maji ya moto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja inashika kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 inashika saba na nusu hivi.

Hata ile safari ya basi ilichangia. Samaki akikaa kutwa nzima ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu anayoitoa inashusha pH ya yale maji, na kule kushuka ndiko kunakoizuia amonia isimdhuru. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia iliyojikusanya njia nzima inageuka sumu kali mbele ya macho yako. Ndiyo maana samaki wa safari ndefu siwafungulii mfuko nikawaacha humo saa nzima wakizoea. Mfuko nauacha uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika 15 au 20, joto lilingane. Kisha naufungua, nawachota samaki kwa kimia, nawatia. Maji ya mfuko yanakwenda kwenye mchicha nje.

Hapo ndipo pleko na enjelifishi walipoondokea, na samaki wa dhahabu watatu nahisi ni hivyohivyo. Gapi ni kisa kingine. Mwanangu, gapi hawakufa. Waliliwa.

Kanuni ya kwanza ya samaki wanaoelewana haina elimu kubwa: kinachoingia mdomoni kitaliwa. Samaki hana ujirani wala uzoeano wa kumzuia. Nami niliijifunza kwa uchungu mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, nilipotia kambale wa urefu wa kidole kwenye tangi la gapi 14, nikidhani bado mdogo. Kambale huwinda usiku kwa kunusa na kwa ndevu zake, hahitaji taa. Asubuhi ya tatu nilikuta tangi lina kambale peke yake. Kwa hiyo unapomtazama samaki dukani usipime mwili wake wa leo. Uliza atafika wapi. Pleko mdogo anayeuzwa kama msafisha tangi anapita sentimita 30 akikua. Perege wako wa Kitere watapita 20 na watafukua kila mmea utakaoupanda. Samaki wa dhahabu naye hafikii kimo cha kidole halafu akakoma, kama watu wanavyodhani. Akipewa nafasi anafika 20 na kuendelea, na anachafua maji kuliko samaki wengi wa ukubwa wake.

Kanuni ya pili ndiyo ninayotaka uishike kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyovunjwa kabla hata basi halijaondoka Dar. Maji ndiyo yanayochagua samaki. Sisi tunachagua ndani ya yale ambayo maji yamekubali.

Tazama ulivyowakusanya. Samaki wa dhahabu ni jamaa ya yule samaki aitwaye kapu (carp), alifugwa China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na raha yake ni maji ya nyuzi 18 mpaka 22. Sebule ya Chuno mwezi Desemba, kabla mvua hazijashika, hiyo nyuzi 22 haipo hata usiku wa manane. Enjelifishi ni wa mito ya Amazon, maji laini yenye uchachu kidogo, yaliyotiwa rangi na majani yaliyooza. Pleko naye ni wa Amerika ya Kusini. Gapi asili yake ni Trinidad na Venezuela, anapenda maji magumu na joto. Mbuna ni wa Ziwa Nyasa, kwenye miamba, maji ya nyuzi 24 mpaka 28 na pH kati ya 7.7 na 8.6. Wengi wa samaki hawa hawajawahi kunywa maji mamoja tangu dunia iumbwe, nasi tukawaambia wakae chumba kimoja cha sentimita 90.

Basi kabla ya kununua chochote, yajue maji yako. Ukipata vipimo vya pH na ugumu vya kuchovya, vizuri. Usipopata, jikoni kuna majibu. Funua birika lako la chai: kama kwa ndani kuna ukoga mweupe mgumu unaobanduka kama ganda, maji yako ni magumu. Fulia kwa sabuni ya mche: kama povu linachelewa na maji yanabaki na utandu wa kijivu, ni magumu. Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe, na maji ya ardhini yanapopita humo yanabeba chokaa. Nenda juu Newala au Tandahimba kwa watu wanaokinga maji ya mvua, ujaribu ile sabuni, utaona povu linajaa beseni. Maji ya mvua ni laini. Mtu wa uwanda wa juu wa Makonde mwenye tangi la maji ya mvua anaweza kufuga enjelifishi na neoni, visamaki vya maji laini, ambao mimi Mikindani siwagusi.

Angalia na mawe uliyoweka. Dondoshea jiwe tone la siki: likichemka povu, lina chokaa. Kipande cha tumbawe kilichobomoka kwenye ukuta wa nyumba ya zamani Mikindani kitachemka mbele yako. Jiwe hilo litaendelea kupandisha pH siku hadi siku, jambo ambalo kwa mbuna ni neema na kwa enjelifishi ni msiba.

Hapohapo nimalize suala la chumvi, kwa sababu jirani yako si mjinga, amechanganya tu vitu viwili vinavyofanana. Maji magumu ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu. Maji ya chumvi ni mengine. Mbuna anataka ugumu, hataki chumvi ya mezani. Bahari ya hapo Shangani ina gramu kama 35 za chumvi kwa lita, na samaki wa ziwani akitiwa humo anakaushwa na chumvi akiwa ndani ya maji. Kama unatumia maji ya kisima kilicho karibu na ufukwe, yaonje. Yakiwa na ladha ya chumvi, tumia ya bomba. Ya bomba nayo yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, au uyapulizie pampu ya hewa, klorini itoke.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Tangi lako ni 90 mara 40 mara 40, yaani lita 144. Ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, maji halisi ni lita 115 hadi 120. (Ninataraji meza iliyolibeba ni ya mbao ngumu, maana mzigo huo na kioo chake unakaribia kilo 200.) Kwa tangi la kiasi hiki, maji magumu na joto letu, naona njia mbili za kweli.

Njia ya kwanza ni ya samaki wanaozaa watoto hai: gapi, plati, moli. Hawa wanaelewana wote, wanapenda maji yetu, hawahitaji hita, na wanakula mabuu ya mbu kwa furaha. Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo madume watawachosha majike mpaka wafe. Ujue tu kwamba gapi jike anazaa kila baada ya wiki tatu au nne, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume miezi kadhaa, kwa hiyo hata jike uliyemnunua peke yake atakuzalia. Miezi sita baadaye utatafuta watu wa kuwagawia. Asiyetaka hilo aweke madume matupu, ambao ndio wenye rangi hata hivyo. Moli anahitaji nafasi zaidi na majani ya kutafuna. Kwa mwanzo mwepesi, njia hii haina mpinzani.

Njia ya pili ni ya mbuna peke yao. Nasisitiza peke yao. Na kwa hali yako hii ndiyo ninayokushauri, kwanza kwa sababu wao ndio waliobaki hai, maji yako wameyakubali. Pili, nisikufiche, nina mapenzi nao. Watu wa Ulaya na Marekani wanawaagiza kwa gharama, na kwetu ni samaki wa mwisho wa barabara: ukitoka Mtwara ukapita Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga, unashuka Mbamba Bay na miamba yao iko mbele yako. Jina lenyewe, mbuna, ni la Watonga wa upande wa Malawi, na dunia nzima sasa inalitumia. Ziwa hilo lina aina zaidi ya 500 za samaki wa jamii hii, nyingi hazipatikani ziwa jingine lolote. Yupo mbuna mdogo wa bluu mwenye mistari myeusi, anaitwa demasoni, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1994 kutoka miamba ya Pombo upande wetu wa Tanzania. Anafika sentimita 8 tu.

Ila mbuna wana tabia, na tabia hiyo uijue. Kila dume anataka pango na eneo lake, na anayemfukuza zaidi ni anayefanana naye kwa rangi au umbo. Huyo wako wa mistari ya dhahabu na nyeusi kwa maelezo yako ni auratasi, na auratasi ni miongoni mwa wakali kabisa wa ziwa lile. Dume lake likikomaa linageuka jeusi lenye mstari mweupe, na hapo kwenye tangi la sentimita 90 atabaki yeye na waliojificha nyuma ya chujio. Huyo aondoke. Mvue usiku, taa ikiwa imezimwa muda, kwa tochi na kimia, samaki wakiwa wametulia. Ukimkimbiza mchana utamsumbua yule wa njano, na hilo ndilo nisilolitaka.

Wa njano, jina lake dukani ni labidokromisi, ni mpole kuliko mbuna wengi. Mjengee kundi: wafike sita, na uongeze aina moja tu nyingine ndogo, ya bluu, dume mmoja na majike manne. Jumla 10 mpaka 12 basi. Usichukue aina mbili za njano wala mbili za bluu zinazofanana. Hapa kuna jambo linalowashangaza watu: mbuna wawili au watatu kwenye tangi wanauana, mbuna kumi na wawili wanaishi, kwa sababu mkali hana mmoja wa kumwandama, hasira inagawanyika. Lakini wingi huo unataka chujio lenye nguvu na maji kubadilishwa kila wiki bila kukosa. Bila hayo utakuwa umekusanya watu kumi na wawili kwenye choo kimoja kisichosafishwa.

Panga mawe mengi, toka chini mpaka karibu na uso wa maji, yenye matundu ya kupita huku na kule. Yaweke moja kwa moja kwenye kioo cha chini kabla ya mchanga, kwa maana mbuna wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka likavunja kioo. Wageni usiwalete leo. Subiri tangi litulie wiki kadhaa. Wakija, wakae kwanza kwenye beseni lao wiki mbili au tatu uangalie kama wana ugonjwa. Siku ya kuwatia, badilisha mpangilio wa mawe yote. Wenyeji nao watajikuta wageni, hakuna wa kusema hili pango langu, na kila mmoja anaanza upya. Watie jioni, zima taa.

Chakula. Hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea, tunadhani samaki wote ni wa dagaa. Mbuna kwa asili anakwangua ukoga wa kijani juu ya mwamba, na utumbo wake ni mrefu kama wa mla majani. Ukimlisha dagaa, nyama au mkate, tumbo linaweza kuvimba, akaacha kula, akafa ndani ya siku chache, na tiba yake mara nyingi inachelewa. Mpe chakula chenye spirulina, yaani ukoga wa kijani uliokaushwa, na kwa nyongeza mchicha uliochemshwa kidogo au kipande cha tango. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kwisha ndani ya dakika mbili. Kinachoanguka chini kikabaki ni amonia ya kesho.

Kwa wiki hii, badilisha robo ya maji kila siku, maji yaliyokaa ndoo wazi. Baada ya hapo robo au zaidi kidogo kila wiki. Sifongo la chujio lioshe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usilipeleke bombani, klorini itaua wale bakteria tuliowasubiri wiki sita. Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa jagi uyamimine toka juu, mara kadhaa kila nusu saa, au uwe na kile kipampu cha betri. Ukikaa bila umeme saa nyingi, lisuuze chujio kabla ya kuliwasha, kwa kuwa kilichooza ndani yake kitarudi tangini chote kwa mkupuo. Miezi ya kaskazi, maji yakipita nyuzi 30, ondoa kifuniko uweke neti, na feni ipulize juu ya maji. Yatashuka nyuzi mbili tatu. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, hita huihitaji kwa mbuna, labda nyumba yako iwe ya upepo mkali usiku.

Watakaokuuliza juu ya samaki wa Ziwa Tanganyika wanaokaa ndani ya makombe ya konokono, wajibu kwamba maji yetu yanawafaa sana na tangi la lita 60 linawatosha, ila wawe peke yao. Na ukikutana na mtoto amekuja na visamaki vyenye rangi ya kuwaka kutoka madimbwi ya mvua, hao ni notobrankiasi, fahari ya nyanda zetu za pwani. Dimbwi likikauka wao wanakufa na mayai yanabaki ndani ya tope yakisubiri mvua ya mwakani. Maisha yao ni miezi tu. Hao nao wana tangi lao, hawachanganywi na mbuna hata siku moja.

Perege warudishe kwa jirani yako awatie kwenye bwawa la kufugia, wakue waliwe. Samaki wa dhahabu mpe mwenye tangi la maji la saruji lililo kivulini. Mkia utaota. Auratasi mtafutie mwenye tangi kubwa. Ila yeyote kati yao, na hasa mbuna, usimtupe mtoni wala ziwani, si Kitere, si Ruvuma. Perege wa Ruvuma wana asili yao hapo, na samaki mgeni akishazaa ndani ya mto hakuna kimia cha kumtoa. Naliomba hili kwa kila anayefuga, na kwako naliomba pia.

Sasa yule wa njano. Hajaugua, mwanangu. Ni mama. Mbuna jike akishataga huyaokota mayai yake akayaweka mdomoni, na humo ndimo wanamoanguliwa na kukua. Kidevu ulichokiona kimevimba kimejaa watoto, na yale mashavu yanayochezacheza ni yeye anavyowageuza wapate hewa. Hatakula karibu muda wote huo, kama wiki tatu, na atakonda, usiogope. Kwa kuwa wiki moja imeshapita, hesabu wiki mbili nyingine. Ukimshtua sana anaweza kuwatema au kuwameza, ndiyo sababu nikakwambia auratasi avuliwe usiku, kimya kimya. Katika kona moja ya tangi rundika kokoto na vijiwe vyenye nafasi ndogo ambazo samaki mkubwa hapiti. Watakapotoka, pengine kumi, pengine ishirini na kitu, kila mmoja mdogo sana ila amekamilika, watakimbilia humo. Wape unga wa chakula kilekile cha mama, uliosagwa vidoleni. Wakifika sentimita mbili watazame rangi: kama baba yao ni yule wa njano mwenzake watakuwa njano safi. Kama ni wa bluu utaona mabaka na njano iliyofifia, na hao wafuge mwenyewe nyumbani, usimuuzie mtu kwa jina la labidokromisi.